Frateri, Kanisa Linasemaje?



Vijana wenzangu, Novemba ni mwezi wa marehemu wetu. Tunaandika majina kwenye bahasha, tunakwenda makaburini kung'oa majani, jumuiyani tunasali Rozari na litania. Ni vizuri. Ila mwaka huu nina swali ambalo haliandikwi kwenye bahasha: ukipata ajali leo jioni, ukalazwa huna fahamu, nani atazungumza na daktari kwa niaba yako? Na huyo mtu anajua ungetaka aseme nini?

Najua kuna waliokwisha kusema "ashindwe!" kimoyomoyo. Kwetu kulitaja jambo hili ni uchuro. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nikiwa nimevaa kanzu. Nawasimulia kwanza kilichotokea, halafu tuongee.

Bibi yangu mzaa baba alikuja Unguja msichana, akitokea bara. Akaolewa hapa, akazaa hapa, akazeeka hapa. Jumapili hakukosa Minara Miwili, labda awe anaumwa kabisa, na hata akiumwa alikuwa anapanda daladala na fimbo yake mpaka Darajani, halafu anakwenda kidogo kidogo kwa vichochoro hadi kanisani. Miaka yake ya mwisho aliishi na shangazi yangu mdogo, kitinda mimba wao, ambaye hakuolewa. Shangazi ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamchana nywele, anamsomea somo la siku kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Bibi alishapata kiharusi kimoja akapona, mkono wa kushoto ukabaki mzito.

Cha pili kilimpata jikoni, asubuhi. Tulipofika hospitali daktari alikuwa mkweli, na mpaka leo namshukuru. Alituambia damu imevuja nyingi kwenye ubongo. Hapa tunaweza kumtunza, asipate maumivu, awe msafi, mkae naye. Mkitaka, anaweza kupelekwa Dar, akawekwa chumba cha mahututi kwenye mashine ya kupumulia. Lakini akasema wazi kwamba yeye hategemei bibi kuamka.

Tukatoka koridoni. Mnazijua koridoni za hospitali: benchi la mbao, watu wengine na chupa zao za chai, mtoto analia. Hapo ndipo ukoo unakaa kikao.

Shangazi akasema, sauti ya chini: "Mama alishaniambia. Alisema likinikuta tena msinivushe maji. Niitieni padre, nife nasikia Rozari."

Baba mkubwa akamgeukia. "Alikwambia wewe? Lini? Nani mwingine alisikia?" Hakuna. "Kwa hiyo tumtupe mama?" Shangazi akanyamaza. Kitinda mimba, mwanamke, hana mume, hana kazi ya kuajiriwa. Kwenye kikao cha ukoo wetu hana kiti. Halafu baba mkubwa akaniangalia mimi, na wote wakaniangalia. "Frateri, Kanisa linasemaje?"

Nikajibu: "Kanisa linatetea uhai tangu kutungwa mimba mpaka kifo cha kawaida."

Nikaishia hapo.

Sentensi ile ni kweli, kila neno. Na niliitumia vibaya. Nilikuwa na digrii ya falsafa, nimesoma Heidegger muhula mzima juu ya mtu na kifo chake, nikapata alama nzuri tu. Lakini pale koridoni niliogopa. Niliogopa baba mkubwa, niliogopa kuonekana frateri anayesema bibi yake aachwe afe. Nikachukua nusu ya mafundisho, nusu ile isiyoweza kuniletea matatizo, nikaiweka mezani kama hukumu. Baada ya hapo hakuna aliyeongea tena.

Michango ikapita usiku kucha kwenye simu. Baba mkubwa aliuza kiwanja chake, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Kesho yake bibi akavushwa kwa boti. Nafasi za kumsindikiza hazikutosha, kwa hiyo shangazi, yeye aliyemwogesha miaka yote ile, alibaki bandarini. Boti ikiondoka unaiona minara miwili nyuma ya mabati ya Mji Mkongwe, inapungua, inapungua. Niliitazama mpaka ikapotea, kwa sababu sikutaka kumtazama bibi.

Alikaa kwenye mashine siku 11. Ndugu waliingia wawili wawili, dakika chache, wamevaa magauni ya hospitali. Katika haraka ya boti hakuna aliyekumbuka kumwita padre, wala mimi. Mpako wa Wagonjwa aliupata siku ya sita, nilipopata akili. Rozari tulisali nje kwenye ngazi. Shangazi hakumwona tena mama yake akiwa hai.

Simlaumu baba mkubwa. Alimpenda mama yake kwa kitu alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni kiwanja. Wala siwalaumu madaktari, wa huku wala wa kule. Nasema tu kwamba bibi alikuwa na neno, alilitoa kwa mtu mmoja, na lile neno halikupata njia ya kufika kikaoni. Na mtu aliyelifungia mlango wa mwisho ni mimi.

Kwa hiyo leo, miaka imepita, najibu swali la baba mkubwa. Kanisa linasemaje?

Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII aliongea na madaktari wa usingizi. Mashine za kupumulia zilikuwa bado ngeni duniani, na madaktari walikuwa na swali lililokuwa likiwanyima usingizi wao wenyewe: mgonjwa asiye na tumaini tena, tunalazimika kumweka kwenye mashine, na tukishamweka tunalazimika kumwacha humo? Jibu la Papa lilikuwa kwamba mtu anawajibika kuutunza uhai wake, ndiyo, lakini kwa njia za kawaida, kadiri ya hali ya mtu, mahali na nyakati, zisizomtwika yeye au wengine mzigo uliopita kiasi. Zaidi ya hapo anaweza kutumia, halazimiki. Na hakulizua yeye jambo hilo. Karne ya 16 huko Hispania, Mdominiko Francisco de Vitoria alikuwa ameshawafundisha wanafunzi wake kwamba mgonjwa hatendi dhambi akikataa kuuza mali yake ili ale kuku kila siku eti kwa sababu tabibu amesema kuku wangemwongezea maisha. Nilicheka nilipoisoma mara ya kwanza. Baadaye nikakumbuka kiwanja cha baba mkubwa, kicheko kikaisha.

Fungueni Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278. Wengi wetu tunaruka pale. Inasema kusitisha matibabu yenye mzigo mkubwa, ya hatari, yasiyo ya kawaida, au yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa, kunaweza kuwa halali. Hapo mtu hataki kuleta kifo. Anakubali tu kwamba hawezi kukizuia. Na inaendelea na jambo ambalo lingemsaidia sana shangazi yangu siku ile: maamuzi ni ya mgonjwa mwenyewe kama anaweza, na kama hawezi, ya wale wenye haki ya kumsemea, ambao lazima waheshimu matakwa yake yenye busara. Matakwa yake! Kumbe swali la kwanza koridoni halikuwa "frateri, Kanisa linasemaje". Lilikuwa "mama alisemaje". Na aliyekuwa na jibu alikuwa amesimama pale, ananyamazishwa.

Upande wa pili nao upo, tusiubane. Namba 2277 inakataza kabisa kumwua mgonjwa ili kumwondolea mateso, kwa sindano au kwa kumnyima anachostahili, hata nia iwe huruma. Namba 2279 inasema matunzo ya kawaida anayostahili mgonjwa hayakatizwi hata kifo kikiwa mlangoni. Maji, chakula kadiri mwili unavyopokea, kusafishwa, kugeuzwa kitandani, mkono wa mtu. Hizo haziingii kwenye hesabu ya "tumechoka". Kwa hiyo mtu anayeandika "nikiugua sana nimalizeni" hajaandika kitu cha Kikatoliki, na aliyeandika "nifanyieni kila kitu mpaka senti ya mwisho" hajaandika kitu ambacho Kanisa linamdai.

Wengine mtasema hayo ni ya vitabuni. Basi mtazameni Yohane Paulo II. Papa aliyeandika Evangelium Vitae mwaka 1995, hakuna aliyetetea uhai kumzidi. Februari 2005 alishindwa kupumua, akakubali atobolewe koo. Sauti ikapotea, mtu aliyeishi kwa sauti. Mwishoni mwa Machi akawekewa mpira wa kupitishia chakula, akakubali. Halafu homa kali ikaja, mwili ukaanza kushindwa kabisa. Hospitali ya Gemelli ilikuwa pale pale Roma, vyumba vipo, mashine zipo, hakuna aliyehitaji kuuza kiwanja. Hakurudishwa. Alibaki chumbani kwake Vatikani, akapakwa mafuta, Misa ikasomwa kandokando ya kitanda, na tarehe 2 Aprili, usiku, akaenda. Kuna aliyemwambia amesaliti uhai?

Sasa tuingie kwenye Maandiko. Agano la Kale lina mzee aliyefanya hili ninalowaomba mfanye. Yakobo, Mwanzo sura ya 47. Yuko Misri, ugenini, amekula chakula cha mtoto wake miaka 17. Anapoona siku zinakaribia haachi mambo yaende yenyewe. Anamwita Yosefu. Ana watoto wa kiume 12, anamchagua mmoja, na wala siyo wa kwanza! Anamwekesha mkono chini ya paja, yaani anamlisha kiapo, na anamwambia waziwazi asichotaka: asizikwe Misri. Yosefu anasema atafanya. Yakobo hatosheki na "ndiyo baba", anadai aape. Baadaye, sura ya 49, anawaita wote, anawaambia wote jambo lile lile na kutaja pango lenyewe. Ndipo anakunja miguu kitandani na kufa.

Angalieni alivyolipanga. Amechagua mtu mwenye uwezo wa kusimama mbele ya Farao, amempa neno mapema akiwa na akili zake timamu, kisha akalirudia mbele ya ndugu wote ili asije Reubeni akauliza "nani mwingine alisikia?" Bibi yangu alifanya la kwanza na la pili. La tatu hakulifikia.

Na Bwana wetu mwenyewe, Yohana 19. Anakata roho kwa maumivu, na katika pumzi chache zilizobaki anapanga nani atamtunza nani: mama kwa mwanafunzi, mwanafunzi kwa mama, na wengine wakiwa wamesimama wanasikia. Halafu sura ya 21, baada ya ufufuko, anamwambia Petro kwamba akiwa kijana alijifunga mwenyewe mshipi akaenda alikotaka, lakini akizeeka mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Mwinjili anatueleza kwamba hapo Yesu alikuwa anazungumzia kifo cha Petro. Mimi siku hizi siwezi kuisoma aya hiyo bila kuona machela bandarini.

Padre Evarist Mushi aliondoka asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Februari 2013, kwenda kuadhimisha Misa hapa Unguja, akapigwa risasi, akafa. Wakubwa kidogo kati yenu mnaikumbuka siku ile. Wengine hawapewi hata dakika moja ya kuelekeza. Kwa hiyo msiniambie "mimi nina miaka 22". Bodaboda haiulizi miaka.

Na hapa kwenye umri kuna hatari ya kijana kukurupuka. Akisoma makala kama hii anaweza kuandika "sitaki mashine" akaona amekuwa mtakatifu. Hapana bwana! Mashine ile ile iliyokuwa mzigo mtupu kwa bibi yangu wa miaka 81 mwenye ubongo uliojaa damu, kwako wewe uliyeanguka na pikipiki na kuvunjika mbavu inaweza kuwa daraja la siku tano, ukavuka ukarudi kuimba kwaya. Kuikataa hapo ni kukataa njia ya kawaida kabisa. Huwezi kujua leo ugonjwa utakujia kwa sura gani. Ndiyo maana nasema mambo ya kuandika ni machache, na la kwanza ni jina la mtu.

Mtu gani? Asiwe lazima anayekupenda kuliko wote. Awe anayeweza kusikia neno baya la daktari asizimie, anayeweza kumwambia baba mkubwa "hapana" kwa heshima, na anayesali. Kwa wengine ni mama. Kwa wengine mama atavunjika, afadhali dada au msimamizi wa ubatizo. Ukimchagua mwambie, kwa sababu kumwandika mtu bila kumwambia ni kumtegea.

Karatasi yangu mimi ni ukurasa mmoja, kwa mkono, na tarehe. Nimeandika kwamba nisipoweza kujisemea, shangazi yangu mdogo anisemee, na kama hayupo, kaka yangu. Nimeandika kwamba padre aitwe mapema, nikiwa bado ninaweza kuungama, na nipewe Mpako na Komunyo ya mwisho, ile Viatiko, chakula cha njiani. Asiitwe baada ya kila mtu kumaliza kulia. Nimeandika kwamba nitibiwe kwa kila njia yenye tumaini la kweli la kunirudisha, na kwamba daktari akisema kwa dhamiri yake kwamba sasa matibabu yanarefusha kufa tu, basi yaachwe, nibaki na maji, usafi, dawa ya maumivu na watu. Nimeandika kwamba asiuziwe mtu kiwanja kwa ajili ya njia isiyo na tumaini. Tamko la Mei 1980 la idara ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani linasema wazi kwamba kutotaka kuitwisha familia au jamii gharama zilizopita kiasi ni sababu halali. Nimeandika pia kwamba sitaki mtu yeyote anisaidie kufa kabla ya saa yangu, hata nikiomba kwa kelele za maumivu. Hiyo nimeiandika leo nikiwa na akili, inilinde na mimi mwenyewe.

Mstari wa dawa ya maumivu uliwashtua nyumbani. Kuna Wakatoliki wanaofikiri morfini ni dhambi, au ndiyo dawa ya kuua polepole, au kwamba mateso yakipunguzwa unamnyima mgonjwa msalaba wake. Pius XII alishalijibu hilo pia mwaka 1957, na Katekisimu inalirudia namba 2279: dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa hata kama ingeweza kufupisha siku, mradi kifo hakikusudiwi, na kuhudumia hivyo ni tendo la upendo. Majirani zetu Waganda wametutangulia. Dk. Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akatumia morfini ya maji ya kunywa, inayochanganywa kwa bei ndogo, mgonjwa anaipeleka nyumbani kwenye chupa. Uganda ikaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, bila kungoja daktari. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pale Dar nayo ina huduma ya tiba shufaa. Ulizeni, msimwache mzee wa watu anauma meno usiku mzima kwa sababu ya teolojia ya kuokoteza.

Mtauliza kama karatasi hiyo ina nguvu ya sheria. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaja mtu ambaye mgonjwa amempa kwa maandishi mamlaka ya kuridhia matibabu kwa niaba yake. Lakini mimi simwandikii hakimu. Kazi kubwa ya karatasi hii inafanyika kule kwenye benchi la mbao. Shangazi yangu angekuwa na ukurasa mmoja wenye mwandiko wa bibi, ule mwandiko wa kukwaruza ambao sote tunaujua, baba mkubwa asingeuliza nani alisikia. Angeusoma, angelia, angekaa chini. Nami ningepata pa kushika nikaisema ile nusu ya pili.

Na tusione kama ni jambo la kizungu. Tunaishi na ndugu zetu Waislamu, na kwao kuacha wasia ulioandikwa ni jambo la dini, mtu mzima anasisitiziwa asilale bila nao. Wasia ule unahusu zaidi mali na madeni, sawa, lakini tabia ya kukaa chini ukayaandika ya mwisho wako ukiwa mzima haiwashtui. Wodini hapa Unguja utakuta kitanda hiki wanasoma Yasini, kile cha pili tunasali Rozari, na shuka la kumfunika mgonjwa linaazimwa huku na huku. Jirani wa bibi, mama mmoja mwenye buibui, ndiye aliyekuja siku ya pili ya msiba kuniambia: "Bibi yako hakutaka boti. Hata mimi aliniambia." Hatukumwuliza. Nani angemwita jirani kwenye kikao cha ukoo?

Wazazi wenu msiwaendee na karatasi. Nilijaribu, baba akaondoka mezani. Mara ya pili nilingoja tunamenya mihogo, nikamwuliza kuhusu kifo cha bibi: kuna kitu angetaka kingekuwa tofauti? Alikaa kimya, kisha akaongea saa nzima. Alianza na bibi, na kabla mihogo haijaisha alikuwa anajizungumzia mwenyewe. Mimi niliandika usiku, asubuhi nikamsomea, akanirekebisha mahali pawili.

Kwa baba mkubwa nilichelewa zaidi. Nilimfuata kumwomba radhi, kwamba siku ile nilimpa nusu ya jibu. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Hiyo nusu nyingine ungeisema, ningekusikiliza?" Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui. Tangu siku hiyo anamwita shangazi kwenye vikao, na shangazi anapewa kiti.

Kanisa kuu letu liko chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu, na huyo ndiye tunayemwomba kifo chema, kwa kuwa mapokeo yanasema alikufa Yesu na Maria wakiwa naye. Wamisionari waliolijenga mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wanawazika wenzao vijana kwa homa, nadhani hawakulichagua jina hilo kwa mchezo. Jumamosi hizi za Novemba, baada ya Rozari, nitakuwa nimekaa viti vya nyuma upande wa altare yake. Anayetaka kuandika ukurasa wake aje na kalamu, karatasi ninazo. Anayetaka kuja na mama yake aje naye. Shangazi atakuwepo pia. Yeye anaongoza Rozari.

Mtakatifu Yosefu, uliyekufa mikononi mwa watu wako, utuombee. Bibi, na marehemu wote wa visiwa hivi, wapumzike kwa amani.